Uliza Mwalimu: Listi ya Vyuo Ianzie Chini

Miezi hii barua zimekuja nyingi mno kuhusu watoto walio darasa la 11 na la 12 hapa Marekani na hii kazi ya kuchagua vyuo, hasa vile vyuo vidogo vya sanaa huria, yaani vya masomo mapana na madarasa madogo. Nimechukua nne. Ya kwanza itakula nafasi kubwa sababu ndani yake mna maswali ya karibu watu wote walioniandikia.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Columbus, Ohio, baba yao anaendesha lori na mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Binti yangu mkubwa yuko darasa la 11, GPA yake, yaani wastani wa alama za shule, ni 3.7, SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, kapata 1290, anapenda historia na kuandika, usiku taa inawaka mpaka saa nane anasoma riwaya. Sasa kaniletea listi ya vyuo: Williams, Amherst, Swarthmore, Pomona, Bowdoin, Wellesley na Carleton, halafu chini kabisa kaandika Ohio State. Nikimuuliza hiki cha mwisho vipi ananijibu hicho nimekiweka tu mama. Mapato yetu ni kama dola 78,000 kwa mwaka, tukijibana tunaweza kutoa labda 12,000. Mimi sikusoma huku, sijui hata nianzie wapi kumwambia kama listi hii ni nzuri au mbaya. Nisaidie. Mama wa Columbus.

Mama, kwanza hongera. Mtoto anayekesha na riwaya bila kusukumwa ni mtoto ambaye hivi vyuo vinamtafuta kweli, na wewe kukaa chini ukaisoma hiyo listi jina kwa jina tayari umeshafanya kazi kubwa. Ila listi yenyewe, ntakwambia wazi, haijakaa sawa. Vyuo alivyochagua ni vizuri sana, tatizo ni kwamba saba kati ya nane ni mlango mmoja uleule, na cha nane yeye mwenyewe hakitaki.

Sikiliza. Williams, Amherst, Swarthmore, Pomona na Bowdoin, katika kila waombaji kumi anaingia kama mmoja, miaka mingine hata huyo mmoja hatimii. Wellesley na Carleton vimelegea kidogo ila bado wanaokataliwa ni wengi kuliko wanaoingia, kwa mbali. Watu wanafikiri ukiomba saba basi bahati inajumlishika, kwamba kimoja hakiwezi kukosa. Haiendi hivyo sababu vyote saba vinasoma faili lilelile kwa macho yanayofanana, kitu kilichomkwamisha mtoto huku ndo hichohicho kitamkwamisha kule, na kote huko kuna watoto maelfu wenye GPA ya 3.9 na 4.0 wamepanga foleni mbele yake.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja miaka ya nyuma, mwandishi mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, listi yake ilikuwa na vyuo tisa vya aina hii na kimoja cha akiba. Mwisho wa Machi majibu yakaanza kuingia, alikuwa anafungua simu kwenye korido nje ya ofisi yangu, moja baada ya jingine, hapana, hapana, orodha ya kusubiri, hapana. Kile cha akiba kilimkubali, ila fomu za msaada wa fedha za kile chuo hakuwahi kuzijaza, alikidharau, na ilipofika Aprili pesa za ruzuku zilikuwa zimeshagawiwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Na lile kosa lilikuwa langu pia, mimi ndo mshauri niliyeipitisha listi, nikamwacha aandike jina la kumi bila kumuuliza kama hapo mahali anaweza kuishi miaka minne akawa na furaha.

Kwa hiyo tangu mwaka ule mimi listi naijenga kuanzia chini. Tunatafuta kwanza chuo cha uhakika, na uhakika wenyewe lazima uwe wa aina tatu kwa mpigo: uhakika wa kuingia, uhakika wa kulipa, na uhakika wa kupenda. Kikikosa kimoja hapo sio cha uhakika, hata kama dunia nzima inakiita hivyo. Ohio State kwa binti yako kuingia huenda akaingia, na ada peke yake kwa mkazi wa Ohio ni karibu dola 13,000 kwa mwaka ambayo akilala nyumbani inabebeka, ila kupenda hakipendi, na sishangai, yule ni mtoto wa darasa la watu kumi na tano wanabishana juu ya kitabu, unampeleka kampasi ya watu zaidi ya 60,000. Kibaki kwenye listi ndiyo, sababu mnaweza kukimudu, na hata ikitokea Columbus wakamkatalia, zile kampasi zao ndogo kama Newark na Marion zinapokea mkazi wa Ohio yeyote aliyemaliza sekondari, anaanzia huko halafu anahamia. Ila kisisimame peke yake.

Sasa bahati yenu, na hii ndo inaniuma ninapoona watoto wa Ohio wanatazama Massachusetts tu, ni kwamba mnaishi katikati ya jimbo lenye vyuo vya sanaa huria vya kutosha kabisa. Kuna Wooster. Kuna Ohio Wesleyan pale Delaware, kaskazini ya Columbus tu. Kuna Denison kule Granville, Kenyon kule Gambier, Oberlin kule juu karibu na Cleveland. Vyote hivi mnaweza kwenda asubuhi kwa gari mkarudi jioni kabla hujaingia zamu. Wooster na Ohio Wesleyan vinapokea zaidi ya nusu ya wanaoomba, na kwa GPA ya 3.7 binti yako anaingia akiwa miongoni mwa waliosimama vizuri.

Ngoja nikae kidogo kwenye Wooster, sababu nadhani hapo ndo kuna jibu lake na yeye hajakiona kwa kuwa jina halisikiki sana. Pale kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, awe wa historia, awe wa kemia, lazima afanye utafiti wake mwenyewe na kuuandika, wanauita I.S., anakaa na profesa wake ana kwa ana wiki baada ya wiki, wawili tu mezani, rasimu imejaa wino. Siku ya kukabidhi anapewa pipi, ile Tootsie Roll ya kawaida, na wanaandamana kampasini na bendi ya zumari za Kiskoti. Mtoto anayependa historia na kuandika, fikiria, miaka minne anaelekea kwenye kitu cha namna hiyo. Mwonyeshe. Usimwambie hiki ndo cha akiba, mpeleke tu akakae darasani siku moja, mwache mwenyewe aje na maneno kwenye gari wakati wa kurudi.

Kingine cha kumwonyesha, na hiki watu wengi hawakijui, ni Honors Tutorial College iliyo ndani ya Ohio University kule Athens. Ni chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa cha serikali, mwanafunzi anafundishwa kwa mtindo wa Oxford na Cambridge, yaani yeye na profesa peke yao au na wenzake wachache sana. Kuingia hapo ni kugumu, kuna usaili, kwa hiyo usikiweke kwenye vya uhakika, ila ni ada ya serikali kwa masomo ambayo kwingine ungeyalipia bei ya chuo binafsi.

Pesa. Hapa tulia mama maana hapa ndo wazazi wengi wanakosea, wengine kwa woga na wengine kwa matumaini. Bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya Kenyon au Oberlin, ukijumlisha chumba na chakula, ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, kwenu hiyo ni zaidi ya mapato yote ya nyumba. Usiiogope hiyo namba, kwa mapato kama yenu hamtaambiwa mlipe hiyo. Kwa wastani vyuo binafsi Marekani vinamkatia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada. Suala ni chuo gani kinakata kwa sababu gani, na kuna sababu mbili tofauti ambazo usizichanganye.

Ya kwanza ni uhitaji. Kuna vyuo vinavyoahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na kile ambacho hesabu zao zinasema familia inaweza kutoa. Williams, Amherst, Bowdoin, Carleton, Grinnell, Macalester, Oberlin, Kenyon na Denison vyote viko humo. Williams wao tangu 2022 wameondoa hata mkopo na kazi ya kampasini kwenye mafungu yao ya msaada, wanatoa ruzuku tupu. Ya pili ni alama na vipaji, skolashipu ambazo hazijali mapato ya mtu. Williams, Amherst na Bowdoin hizo hawatoi kabisa, hata uwe na akili za namna gani, lakini Wooster, Ohio Wesleyan na Denison wanatoa. Kwa hiyo kwa familia yenu jambo la kushangaza linaweza kutokea, chuo cha bei kubwa kabisa kwenye listi kikawa rahisi kuliko vyote kama ataingia, na chuo chenye bei ndogo kikawa kigumu kulipa sababu punguzo lake halifiki mnapohitaji. Mtajuaje kabla ya kuomba? Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinalazimishwa na sheria kuweka kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake, imekuwa hivyo tangu 2011.

Jumapili moja kaa naye mezani, uwe na karatasi ya kodi ya mwaka jana na risiti za mshahara, mfungue vikokotoo vya vyuo vyote, kimoja kimoja. Vitakuuliza mapato, akiba, kama nyumba ni yenu au mmepanga, mko wangapi. Andika namba inayotoka pembeni ya jina la chuo, kwa kalamu. Angalia pia namba hiyo imekuwaje ndogo, maana vingine vinapunguza kwa kukuingizia mkopo humohumo, ukitoa mkopo unakuta namba imeruka. Kitakachotoka mbali sana juu ya 12,000 zenu, na hakina skolashipu ya kuishusha, kifutwe hata kama mtoto analia, sababu kulia Oktoba ni afadhali mara kumi kuliko kulia Aprili. Na Wooster au Ohio Wesleyan zikitoka juu, usivifute siku hiyohiyo, piga simu ofisi ya udahili uulize mwanafunzi mwenye 3.7 huwa anapewa skolashipu ya kiasi gani, ni swali la kawaida, wanajibu.

Kitu kingine kitawasaidia mno ni karatasi inayoitwa Common Data Set. Vyuo karibu vyote vinaitoa kila mwaka, andika tu jina la chuo na hayo maneno matatu kwenye intaneti. Ni ndefu na inachosha, ila nenda moja kwa moja sehemu C7, pale kuna jedwali la vitu wanavyoviangalia na uzito wa kila kimoja, alama, insha, barua za walimu, na mstari mmoja unaosema kama wanajali mwombaji ameonyesha kuwapenda. Mahali wanapojali, ziara na barua pepe yenye swali la maana vina uzito. C9 inaonyesha SAT za walioingia, wa robo ya chini na wa robo ya juu. Hiyo 1290 ya binti yako ikiwa chini ya robo ya chini na chuo hakilazimishi mtihani, asiitume. Bowdoin hawajalazimisha SAT tangu 1969, sio mambo ya jana. Halafu sehemu H inakwambia kati ya waliokuwa na uhitaji wangapi walizibiwa pengo lote.

Kwa hiyo mimi listi yake ningeipanga hivi, nikiwa simjui zaidi ya ulivyoniandikia. Chini, Wooster na Ohio Wesleyan, pamoja na Ohio State kwa ajili ya mfuko, na ningeongeza Kalamazoo kule Michigan ambacho nacho kinapokea zaidi ya nusu na kinatoa skolashipu. Katikati, pale ambapo anaweza kuingia na anaweza kukosa, Kenyon, Oberlin, na ile Honors Tutorial ya Athens. Kenyon kwa mtoto anayeandika nakipigia mstari, jarida lao la fasihi, Kenyon Review, lilianzishwa 1939 na wanafunzi wanapata nafasi ya kufanya kazi humo. Juu, achague viwili au vitatu kati ya vile saba vyake, achague mwenyewe na awe na sababu ya kila kimoja ambayo sio namba ya chuo kwenye orodha za magazeti, na Denison akitaka kukiweka akiweke huku juu pia maana siku hizi kimekuwa kigumu. Hapo ni kama kumi. Kumi ni vingi vya kutosha, fomu ya Common App, ile moja ya kuombea vyuo vingi, inakubali mpaka 20 lakini kila kimoja kina insha zake na mtoto ni mmoja.

Shikamoo Mwalimu. Niko darasa la 12, nimependa chuo kimoja cha sanaa huria kupita vingine vyote, nimekitembelea mara mbili. Wenzangu wote wananiambia niombe mapema ile ED sababu nafasi ya kuingia inakuwa mara mbili. Wazazi wanaogopa kusaini sababu ya pesa. Dedlaini ni 15 Novemba. Nifanyeje? Mwanafunzi, Indiana.

Marahaba mwanangu. Wazazi wako hawajakosea kuogopa. ED ni ombi la mapema lenye kufunga, unasaini wewe, anasaini mzazi, anasaini mshauri wa shule, kwamba wakikukubali unakwenda na unaondoa maombi mengine yote. Njia ya kutoka ipo, msaada wa fedha ukiwa haufiki wanakuachia, hawawezi kukukamata. Ila ukitoka unatoka mikono mitupu mwezi Desemba, na ulichopoteza kikubwa ni nafasi ya kuweka barua mbili au tatu za msaada mezani Aprili ukazilinganisha, wakati mwingine hata ukaipeleka barua ya chuo kimoja kwa kingine ukaomba waongeze.

Na hiyo mara mbili ya wenzako ipunguze kidogo. Ni kweli vyuo vingi vya namna hii vinajaza karibu nusu ya darasa lote kwa ED, na asilimia ya wanaoingia huko ni kubwa. Lakini humo ndani wamo wanamichezo ambao kocha ameshawachagua tangu kiangazi, na kwenye chuo kidogo hao sio wachache, Williams na Amherst karibu theluthi ya wanafunzi wote wanacheza kwenye timu za chuo. Ukiwatoa hao, faida inayobaki kwako wewe usiyecheza inakuwa ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Ipo, ila ndogo.

Kwa hiyo fanya hivi leo, sio kesho. Kaa na baba na mama mpige kikokotoo cha hicho chuo. Namba ikitoka wakatazamana wakasema tunaweza, bila mkopo wa mzazi, bila kuuza kitu, basi omba mapema kwa moyo mmoja, unakipenda, umekwenda mara mbili, hiyo ndo kazi ya ED. Ikitoka namba ya kuumiza kichwa, omba kwa njia ya kawaida mwezi Januari. Na kuna vyuo vina ombi la mapema lisilofunga, hizo tuma zote unazoweza. Insha moja nzuri ya maneno 650 inakwenda kote.

Mwalimu, mimi ni baba, niseme ukweli sielewi. Kijana wangu ana akili ya sayansi, anataka kwenda hivyo vyuo vya sanaa huria. Sanaa? Nimefanya kazi usiku miaka kumi na moja ili akachore? Baba wa Minnesota.

Baba, nakuelewa, na hilo jina linapotosha watu wengi. Sanaa hapa haina maana ya kuchora. Ni mtindo wa kusomesha, mtoto anasoma mambo mapana miaka ya mwanzo, hisabati, lugha, historia, sayansi, madarasa madogo, halafu anachagua meja yake, yaani somo lake kuu, na meja hiyo inaweza kuwa fizikia, baiolojia, kompyuta, uchumi. Swarthmore wanatoa digrii ya uhandisi. Smith pia, na ni chuo cha wanawake. Harvey Mudd kule California ni chuo cha sanaa huria na karibu wote pale wanasoma sayansi, hisabati na uhandisi. Hapo kwenu Minnesota St. Olaf wana uuguzi. Na Kofi Annan alimaliza Macalester, hapo hapo St. Paul, mwaka 1961, alisoma uchumi.

Kitu kizuri kwa mtoto wa sayansi ni kwamba hakuna wanafunzi wa udaktari wa falsafa wa kumnyang'anya maabara, mwaka wa pili tu anaweza kuwa anashika mashine na profesa mwenyewe. Swali la kuuliza mkienda kutembea sio mtakula nini. Uliza idara ya meja yake, mwaka jana waliomaliza walikwenda wapi. Idara nzuri itakutajia mmoja mmoja bila kutafuta karatasi.

Mwalimu, binti wa dada yangu chuo chake kilitangaza kufunga akiwa mwaka wa pili. Sasa mwanangu naye anataka chuo kidogo na mimi roho haitulii. Nitajuaje kama chuo kitadumu miaka minne? Mama mdogo, Pennsylvania.

Pole sana, na mpe pole huyo binti, najua alivyohangaika na masomo aliyosoma, maana chuo kipya huwa hakikubali yote. Woga wako una msingi. Wells College kule Aurora, New York, ilitangaza mwisho wa Aprili 2024 kwamba inafunga muhula ukiisha, wanafunzi walikuwa na wiki chache tu. Birmingham-Southern ya Alabama ilifunga 31 Mei mwaka huohuo. Na shinikizo bado lipo, watoto wanaozaliwa Marekani walianza kupungua baada ya 2007 na hao ndo wanaofika umri wa chuo sasa, vyuo vidogo visivyo na akiba vinagombania wachache waliopo.

Mambo ya kuangalia yapo na hayahitaji uhasibu. La kwanza angalia idadi ya wanafunzi miaka mitano mfululizo, kwenye hizohizo Common Data Set za kila mwaka, sehemu B. Ikishuka mwaka mmoja ni kawaida, ikishuka kila mwaka kama ngazi hapo shtuka. La pili, Wizara ya Elimu ya Marekani inakipa kila chuo binafsi alama ya afya ya fedha, inaanzia hasi 1 mpaka 3, na kilicho chini ya 1.5 hakijapita. La tatu, tafuta jina la chuo kwenye tovuti ya chombo kinachokiidhinisha, onyo au karipio linawekwa wazi pale. Halafu kuna dalili za kuona kwa macho, meja zinafutwa kumi kwa mpigo, rais wa tatu ndani ya miaka minne, punguzo kubwa linaloongezwa kwa simu bila kuombwa, mabweni yamefungwa.

Udogo wenyewe usiuogope. Grinnell ya Iowa ina wanafunzi chini ya 2,000 na mfuko wake wa akiba unazidi dola bilioni 2, hicho hakiendi popote. Chuo cha uhakika kwenye listi ya mwanao, kile cha chini kabisa, ndo hasa kipimwe hivi kabla ya vingine vyote, sababu vyuo vyenye nafasi rahisi za kuingia ndo humo humo vilivyo hatarini. Na mkienda kutembea, baada ya ile ziara ya kuonyeshwa majengo mazuri omba kukaa nusu saa na mwanafunzi wa mwaka wa nne bila mfanyakazi wa chuo pembeni. Muulize nini kilikuwepo alipofika ambacho sasa hakipo. Mimi niliwahi kumuuliza hivyo kijana mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole, walimu wawili wa idara yake, basi la wikiendi, maktaba kufungwa saa nne badala ya saa saba, na alipohamia mkono wa pili mzazi niliyekwenda naye alikuwa ameshafunga daftari.

Mama wa Columbus, hujaniuliza tarehe lakini nakuandikia hapahapa: FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa fedha, kwa kawaida inafunguliwa 1 Oktoba, mwenye green card anajaza kama raia, na vyuo kama Kenyon na Oberlin vitataka na CSS Profile, fomu nyingine ya msaada, juu yake. Zijazeni kwa vyuo vyote kumi, hata kile ambacho binti anasema amekiweka tu. Mkishapiga vikokotoo nitumie namba zilivyotoka, tuzitazame pamoja.